Kadena yenye tundu la nusu mwezi

Mwezi huu sitaongea juu ya deni wala juu ya watoto wasiosikia. Nitaongea juu ya kadena. Najua wengine watacheka. Bibi yangu alicheka miaka kumi na tano, sasa amechoka kucheka.

Chini ya kitanda chetu kuna katoni tatu zilizojaa kadena. Ndugu zetu wa Tanzania wanasema kufuli, lakini hapa Kolwezi ukisema kufuli mtoto atakuuliza ni kitu gani. Kadena nyingine ni nzima. Nyingine nilizikata kati kwa msumeno wa chuma ili nione tumbo lake. Sikununua hata moja kwa bei ya dukani. Watu wananiletea zilizopoteza ufunguo, na vijana wa vyuma vya kale wananiwekea pembeni zile zenye sura ngeni. Kazi yangu ni kutafuta kujua moja tu: hii inafunga namna gani? Nikijua hivyo, nimeshiba.

Mwanzo wake ni wa huzuni. Mwaka 1993 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Jirani yetu alikuwa mtu wa Kasai, mwenzake wa kazi na baba yangu. Ninyi muliokuwa hapa munakumbuka: jamaa za Kasai zilifukuzwa, zikalala kwenye gare na vitu vyao, siku kwa siku, zikingojea treni. Jirani alifunga mlango wake na kadena, akaleta ufunguo kwa baba. Akasema, "Unichungie. Nitarudia." Baba akauweka ndani ya kopo la chumvi.

Juma mbili hazikupita, nyumba ikavunjwa. Lakini msomaji, kadena haikuvunjwa! Waling'oa sharnieri upande wa pili. Asubuhi niliikuta inaning'inia juu ya mlango uliolala chini, bado imefungwa vizuri. Nikaitoa, nikamletea baba, nikamuuliza kadena ilikosa nini. Baba akaitazama sana. "Kadena haikukosa," akasema. "Muti njo ulikosa."

Kadena ile na ufunguo wake ninavyo mpaka leo. Hiyo peke yake sijaikata.

Nilipokuwa kwenye masomo ya Biblia, tulikuwa na ateliye ndogo ambapo mzee moja, ajisteri wa zamani, alitufundisha kutengeneza milango na viti ili mchungaji asikae kungojea sadaka tu. Yeye alinikatia kadena ya kwanza kwa tupa na msumeno. Ilikuwa ya bei ndogo, ya bati lililokunjwa. Ndani sikuona kitu, ila kuta ndogo mbili za chuma na kipande cha chuma kinachosukumwa na springi. "Umeona?" mzee akasema. "Hii haiulizi weye ni nani. Inauliza tu kama uko mwembamba." Kwa sababu hiyo kadena za namna hiyo zinafunguka na ufunguo wa jirani uliotupwa tupa kidogo. Ufunguo wake unautambua pale pale: ni bapa, na umekatwa sawasawa pande zote mbili.

Namna ya pili ina vipande bapa vya chuma vilivyolala moja juu ya mwingine kama karatasi za kitabu, kila moja na springi yake. Ukimulika tochi ndani ya tundu unaona kingo zake. Ufunguo unapaswa kuinua kila kipande kwa kadiri yake, si zaidi, si kidogo. Mwingereza Robert Barron aliifanya kazi hiyo mwaka 1778, na Jeremiah Chubb akaongeza akili mwaka 1818: mtu akiinua kipande kupita kadiri, kadena inajishika, na mwenyewe akija na ufunguo wake anajua kwamba mgeni alipita hapa.

Namna ya tatu ndiyo iko mlangoni pako, msomaji. Tundu lake limepindapinda, na ufunguo una meno upande moja kama mlima na bonde. Ndani mna misumari midogo ya shaba iliyokatwa vipande viwili, na springi nyuma yake. Meno yanasukuma misumari mpaka mahali pa kukatwa panakuwa sawa, ndipo tumbo linazunguka. Watu wanamtaja Mmarekani Linus Yale, aliyeipatia sura ya leo mnamo mwaka 1861. Lakini wazo ni la zamani sana. Wamisri wa kale walikuwa na kufuli za mti zenye misumari ya mti inayoanguka kwa uzito wake, na ufunguo wa mti mrefu kama mkono. Ukisoma katika Isaya 22 habari za ufunguo unaowekwa juu ya bega, usifikiri ni mfano tu. Ufunguo wa nyumba kubwa siku zile haukuweza kuingia mfukoni.

Sasa namna ya kuitambua kadena usiyoijua. Jambo la kwanza, usiingize kitu. Vijana wanafanya haraka kuingiza waya, wanaharibu. Ipime kwanza mkononi. Kisha lete sumaku. Yangu niliitoa ndani ya kipaza-sauti cha kanisa kilichokufa. Kadena ya shaba njano haishikwi na sumaku. Zile nyingi za soko zinang'aa njano kama shaba, lakini sumaku inaruka na kuzikamata: ni chuma kilichopakwa. Hapo ninakasirika kidogo, nisameheni. Shaba njano ni nini? Ni mukuba wetu na zinki. Mukuba ni wa hapa Kolwezi. Zinki iko Kipushi, kwenye mgodi uliosimama toka 1993 na kuanza tena kutoa mwaka 2024. Vitu viwili hivyo vinatoka kwetu kwa malori, na kinachoturudilia ni chuma chenye rangi.

Nikimaliza sumaku ninatazama ubavu. Kadena ya shaba njano ya kweli, ukiigeuza geuza kwenye jua, utaona miviringo midogo imepangwa kwenye mstari. Ni mahali fundi alipotoboa kuingiza misumari na springi, kisha akaziba. Unaihesabu, na umejua mingi bila kugusa tundu. Kisha ndipo tochi. Na mwisho kabisa, waya laini, kugusa tu: je, kitu kinarudia kama springi, ao kinabaki pale ulipokisukuma? Hilo neno la mwisho mulishike, litarudi.

Lakini kazi hii ilitaka kuniharibu. Mwaka moja, katika kanisa ambalo sitalitaja, sanduku la sadaka lilikutwa na pungufu. Kadena ilikuwa nzima. Hakuna aliyenisemea usoni. Ila niliona macho ya watu yananifuata mikononi nilipokuwa nikibariki watoto. Bibi yangu alisikia sokoni: "Kadena haivunjike, na Pasta anajua makadena." Miezi mitatu nilikonda. Mwishoni ilionekana mhesabu alikuwa amekosa kuandika Jumapili mbili, lakini kidonda kilikuwa kimekwisha kuingia. Nilitaka kutupa katoni zote kwenye mto Musonoi.

Nilibaki nazo kwa sababu ya habari niliyoijua ya mtu moja Alfred Charles Hobbs. Mwaka 1851, kwenye maonyesho makubwa ya London, Mmarekani huyu alifungua kufuli ya Chubb, ambayo Waingereza waliamini haiwezekani. Kisha akashika ile ya Bramah, iliyokaa katika dirisha la duka toka 1790 pamoja na ahadi ya gine 200 kwa atakayeifungua. Alitumia saa zaidi ya hamsini, zilizogawanywa kwa siku kumi na sita, akaifungua. Watu walikasirika: kwa nini kuwaonyesha wezi? Yeye alijibu kwamba wezi wanajua tayari, asiyejua ni mwenye nyumba. Mimi si Hobbs. Lakini toka siku ile niliweka sheria zangu. Kadena zangu ninazitazama kwenye baraza, mbele ya wapita njia, si chumbani. Na siigusi kadena ya mtu ila mwenyewe yuko, na mashahidi wawili wako.

Ndiyo maana mwaka 2019 mama moja mjane alipokuja kwangu, sikwenda peke yangu.

Mume wake alikuwa elektrisie wa chini ya ardhi. Alikufa kwa ugonjwa, akaacha mjane na watoto wanne, na nyumba kwenye kiwanja kidogo. Munajua kiwanja ni nini leo Kolwezi. Toka 2014, watu wa Kasulo walipokuta madini chini ya nyumba zao, kila mita ya udongo imekuwa na wapenzi. Mwaka 2017 jamaa mingi za Kasulo zilihamishwa na ukuta ukajengwa, na aliyekuwa na karatasi mkononi hakuongea sawa na asiye nayo. Basi karatasi za marehemu zilikuwa katika sanduku ya chuma, na sanduku ilikuwa na kadena, na ufunguo haukuonekana.

Mkubwa wa marehemu alikuwa amesimama wazi: mwanamke ameficha ufunguo, sanduku ina feza, ivunjwe. Mama alikuja kwangu usiku, akilia.

"Pasta," akasema, "bakivunja, na feza ikikosekana, batasema miye njo nilikamata mbele. Na karatasi zikipotea, ntaongea nini? Batanifukuza na batoto."

"Ufunguo, mama, uliuona siku moja?"

"Hapana. Yee alikuwa anafungula peke yake. Nilikuwa nasikia tu, klik."

Siku ya posho tulikutana kwenye baraza yake: mjane, watoto, shemeji na vijana wake wawili, wazee wawili wa kanisa, na mimi na sumaku na tochi. Shemeji alikuwa na nyundo na mtalimbo tayari, ameviweka karibu na mguu wake.

"Pasta, weye uko fundi ya makadena," akasema. "Fungula tu, tumalize."

Niliomba kiti. Nikaitazama kadena nusu saa. Watu walianza kuchoka, mtoto mdogo akalala.

Ilikuwa nzito kupita kipimo chake. Sumaku iliishika: chuma, lakini chuma kizuri, hakuna kutu hata kidogo, ijapokuwa ilionekana ya miaka. Ubavuni hakuna miviringo ile niliyowaambia. Na tundu! Halikuwa limepindapinda, halikuwa mstari. Lilikuwa na sura ya nusu mwezi, kama mtu aliyekata kalamu kati kwa urefu na kupiga muhuri. Nikamulika ndani. Niliona visahani vidogo vya rangi ya shaba njano, vimepangwa nyuma ya mwenzake, kila kimoja na nusu mwezi yake katikati.

Ndipo waya laini. Nikagusa kisahani cha kwanza. Hakikurudi kama springi. Kilizunguka kidogo, kikabaki pale nilipokiacha. Cha pili, vilevile. Cha tatu, vilevile. Moyo wangu ulianza kupiga, kwa kuwa namna hii nilikuwa nimeiona katika kitabu cha mekanike, sikuwa nimeishika siku moja. Ni namna ya Ufini. Fundi moja wa Helsinki, Emil Henriksson, aliyekuwa akitengeneza mashini za kuhesabia feza, aliigundua mwaka 1907. Visahani havina springi hata moja. Kila kimoja kina mwanya pembeni. Ufunguo unapozungushwa, unakokota kila kisahani kwa kadiri yake mpaka mianya yote inapanga mstari, ndipo kipande cha chuma kinaanguka ndani ya mianya na tumbo linazunguka. Kwa kuwa hakuna springi, vumbi na matope na baridi haviisumbui. Kule kwao inafaa kwa barafu. Chini ya ardhi kwetu inafaa kwa matope.

Nilijua sasa inafunga namna gani. Na nilijua jambo la pili: mimi siwezi kuifungua. Kuna watu duniani wanaoweza, kwa vyombo vyao. Si mchungaji wa Kolwezi na waya.

Nikasema hivyo. Shemeji akacheka, akainama kuchukua mtalimbo.

"Ngoja, baba," nikasema. "Siwezi kuifungua, lakini ninaweza kuwaambia ufunguo wake uko na sura gani. Mulikuwa munatafuta ufunguo wenye meno. Huu hauna meno."

Nikachukua chokaa, nikachora kwenye simenti ya baraza. Fimbo fupi ya chuma, nusu duara, upande moja bapa, upande moja mviringo. Juu yake mikato midogo iliyoinama, huyu hivi, huyu vile, kama mtu aliyepiga tupa bila kufikiri. Nikasema: mtu asiyejua atadhani ni kipande cha mashini.

Wote waliinama kutazama. Na shemeji, kabla ya kufikiri, akasema kwa sauti, "Ah! Kile kintu! Si niliona mu kese ya..."

Akanyamaza.

Msomaji, mimi nimehubiri miaka mingi, sijawahi kusikia kimya kama kile. Kwa sababu kese ya vyombo vya marehemu, na mashini yake ya kutobolea, ilipotea siku za matanga. Mama alikuwa ameuliza kila mtu. Aliambiwa kwamba labda waombolezaji waliiba.

Mzee moja wa kanisa alikohoa. Hakuna aliyemtazama shemeji usoni, hata mama. Ni mimi niliyesema, polepole, "Baba, kese iko mbali?" Akajibu, "Si mbali." Akapanda moto, akaenda. Vijana wake wawili walibaki wamekaa wakitazama viatu vyao.

Wakati wa kungoja, mtoto mkubwa wa marehemu alinieleza kitu. Baba yake alikuwa amewaambia watoto kwamba chini ya ardhi, fundi wa umeme mbele ya kugusa mashini anakata umeme, kisha anafunga swichi na kadena yake mwenyewe. Kila fundi ana yake, na ufunguo moja, na anauweka mfukoni. Wakiwa watu watano kwenye mashini, ni kadena tano. Hata shefu haruhusiwi kuitoa ya mwingine. Kadena ikiwa pale, maana yake kuna mtu ndani, yuko hai, usiwashe. Mimi mtoto wa mfanyakazi wa mgodi nilikuwa nimesikia hiyo konsinyasio kwa baba yangu, lakini sikuwa nimefikiri kwamba mtu anaweza kubeba mazoezi hayo mpaka nyumbani, akafunga karatasi za watoto wake kwa namna ileile. Marehemu hakumficha bibi yake kitu. Alifanya kama alivyofundishwa.

Moto ilirudi. Shemeji alimpa mama ufunguo mkononi, hakuniletea mimi. Hilo nililiona vizuri. Mama aliuzungusha vibaya mara mbili, kwa kuwa mikono ilitetemeka. Mara ya tatu tulisikia wote: klik.

Feza hazikuwamo, ila noti za zamani za Zaire ambazo hazinunui hata chumvi. Mlikuwa na karatasi ya kiwanja. Mlikuwa na karatasi ya ndoa kutoka komini, ambayo mama hakujua kama imechungwa, na karatasi za kuzaliwa za watoto wanne. Nilisoma kila moja kwa sauti, mzee wa kanisa akaandika orodha, tukatia sahihi wote, na shemeji vilevile. Kisha nikaeleza kwamba sheria ya jamaa ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inampa mjane wa ndoa ya sheria haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe, na kwamba urithi wa kwanza ni wa watoto. Shemeji alisikiliza. Hakubisha. Asubuhi ya pili mama alikuta kese ya vyombo mbele ya mlango, na mashini ya kutobolea ilikuwamo.

Mbele ya kuondoka siku ile, niliona aibu kidogo lakini niliomba. Nilisema, "Mama, ile kadena, sasa huna haja nayo sana. Ntakupa ingine mpya, ya shaba njano ya kweli, na funguo tatu."

Mama alikuwa amekwisha kuirudisha kwenye sanduku. Aliufunga ufunguo ndani ya pembe ya kitambaa chake, akakaza fundo kwa meno.

"Pasta," akasema, "unisamehe. Hii hapana."

Katika katoni zangu, mahali pake bado ni patupu. Nimeweka pale karatasi yenye mchoro.